Januari Haijawahi Kuchelewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ukata nao una majira yake, na kuyatabiri hakuhitaji setilaiti: huingia Januari kila mwaka, na kila mwaka hutukuta Dar es Salaam bado tumekaa mkao wa kula. Muulize mtu katikati ya mwezi huo kwa nini anakunywa chai ya rangi kwa kiporo cha ugali, atakwambia amepatwa na dharura. Dharura gani? Shule zimefunguliwa. Utadhani kulikuwa na fununu kwamba mwaka huu hazitafunguliwa.

Mama watoto, ambaye ndiye waziri wa fedha wa nyumba yetu, aliamua kukomesha dharura za namna hiyo. Alipitisha sheria kwamba mahitaji ya shule yanunuliwe Novemba, kabla Kariakoo haijafurika wazazi. Ada ya shule za umma iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari, begi na viatu havimo kwenye msamaha huo. Sheria ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni kwamba mtoto haambiwi asikue. Kijana wetu alijaribu viatu Novemba vikamkaa sawasawa. Desemba akaenda kwa bibi yake, akalishwa kama ng'ombe anayeandaliwa kwa maonesho ya Nanenane, na aliporudi mguu ulikuwa umeshahama saizi. Viatu alirithishwa mdogo wake. Huyo akikata kona, viatu vinanyoosha moja kwa moja.

Sheria ikafanyiwa marekebisho: Novemba nunua vile visivyotegemea ukuaji wa mtu, yaani madaftari, kalamu na begi. Viatu vitengee pesa tu, uvinunue shule zikikaribia kufunguliwa.

Baada ya Januari huja Februari yenye jua kali, na huo ndio mwezi wa paa. Fundi hana kazi nyingi, bei yake inazungumzika. Lakini mwenye nyumba wetu ni mtu wa ushahidi. Haamini tundu mpaka limwage maji. Aprili likamwaga, tena juu ya kitanda. Ikawekwa ndoo, likafuata beseni, kisha sufuria moja baada ya nyingine, hata ulipofika wakati wa kupika, moto ulikuwapo ila vyombo vyote vilikuwa zamu chumbani. Fundi akapigiwa simu. "Bosi wangu, niko saiti Chanika, naingia sasa hivi." Hiyo sasa hivi yake iliingia Juni, anga jeupe. Akatazama juu kwa muda mrefu, akauliza, "Mbona halivuji?"

Mkaa nao ununuliwe Februari hiyohiyo. Mvua ikishika, njia za porini hazipitiki, magunia yanachelewa, bei inapanda, na ule unaofika umelowa. Utaupuliza mpaka machozi yakutoke, jirani adhani umefiwa.

Juni hadi Agosti ni zamu ya mavuno, na hapo ndipo mwenye akili anunue mahindi na maharage ya miezi ijayo, kabla bei haijapanda. Mjomba wangu wa Songea alitutumia gunia zima. Likawekwa sebuleni, wageni wakawa wanalikalia. Baada ya muda tukaanza kusikia usiku sauti ya kitu kinasagwa. Mama watoto akasema ni panya. Mgeni mmoja alipoinuka na suruali iliyojaa unga, tukajua kwamba nyumbani kwetu kuna mashine ya kusaga isiyotumia umeme.

Alikuwa dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika, na hapa kwetu alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakambatiza Scania, jina la lori, na kwa jinsi anavyobeba mzigo jina limemkaa. Hutoboa hata mbao, ndiyo maana tulilitazama kabati kwa huruma. Dawa yake si kumlaani. Mahindi yakaushwe vizuri, yatiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, yafungwe kwa nguvu. Mdudu akikosa hewa hufa, na unga utausaga mwenyewe kwa wakati wako.

Majira yasiyo na tahadhari ni yale ya harusi. Unaamka asubuhi, umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, bwana harusi humjui, na mwenyekiti ameshakuandikia, "Mzee, tunasubiri ahadi yako." Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresma zilianza wiki moja, mwezi Februari, mfuko wangu ukapumua kwa baraka za dini zote mbili. Iddi na Pasaka zilipopita, kadi zikaja kwa mkupuo. Nyumbani tumejiwekea fungu la michango la mwaka mzima, likiisha limeisha. Na ahadi iwe ndogo, ilipwe mapema, kwa sababu kamati humpigia simu aliyeahidi sana kuliko aliyeahidi kidogo.

Linabaki suala la mahali pa kuweka akiba. Tulikuwa na kibubu cha mbao kilichopigwa misumari pande zote, tukakifungua kwa nyundo mwisho wa mwaka 2025. Ndani mlikuwa na sarafu, kifungo cha shati, na karatasi yenye mwandiko wa darasa la nne: "Baba nimekopa elfu mbili nitarudisha." Mlikuwa pia na noti za shilingi 500 za toleo la mwaka 2010. Benki Kuu ilikuwa imeshaziondoa kwenye mzunguko, na muda wa kuzibadilisha uliisha tarehe 5 Aprili mwaka huohuo. Kibubu hakisikilizi taarifa ya habari. Weka akiba benki, kwenye simu, au kwenye mchezo wenye kijumbe mwaminifu, mradi iwe mahali ambapo pesa haizeeki gizani na wakopaji hawafiki na kisu chembamba cha kuchokolea noti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chukua kalenda ukutani na kalamu nyekundu. Zungushia Februari uandike paa na mkaa, Julai uandike mahindi, Novemba uandike madaftari. Ramadhani iandike upya kila mwaka, maana hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11, na tende hazikusubiri. Kilichozungushiwa wino mwekundu si dharura tena, ni ratiba. Ukifika Januari ukaniomba nikukopeshe kwa sababu shule zimefunguliwa ghafla, nitakuomba kwanza unioneshe hiyo kalenda.