Ala ya Kwanza Huletwa na Mjomba

Muziki humfikia mtoto kabla hajazaliwa. Masikio ya kijusi huanza kufanya kazi mnamo mwezi wa sita wa mimba, kwa hiyo mtoto wa Rahaleo, mjini Mtwara, huja duniani akiwa amekwisha kusikia sauti ya mama yake, adhana ya alfajiri, honi za bodaboda na spika za harusi ya mtaa wa pili. Mwaka 2009 watafiti wa Hungaria na Uholanzi waliwabandika vichanga wa siku mbili tatu waya za kupimia ubongo, wakawapigia mdundo wa ngoma wakiwa usingizini, na wakaona kwamba pigo kuu likirukwa ubongo wa kichanga hushtuka. Rahaleo jambo hilo hujulikana bila waya. Kichanga hulala fofofo singeli ikitikisa mabati usiku kucha, kisha huamka na kulia pale mwenye spika anapozima ili naye akalale. Jina la mtaa, hata hivyo, liliahidi raha ya leo tu. Kuhusu kesho asubuhi halikusema kitu.

Baada ya masikio huja mwili. Mtoto ambaye bado hajui kutembea hushika stuli, akakunja magoti, akanesanesa. Mkoani Mtwara kunesa huko hakupiti bila maoni, kwa kuwa hii ndiyo nchi ya sindimba, ngoma ya Wamakonde ambayo baada ya uhuru ilichezwa shuleni nchi nzima, na kila mtu mzima hapa anajiona mwamuzi wa kiuno. Shangazi atasema kiuno hicho ni cha upande wa baba. Bibi mzaa mama atanyamaza, kisha ataomba mtoto anese tena ili ahakikishe. Ugomvi wa kwanza wa ukoo kuhusu kipaji huzuka hapo, mwenye kipaji akiwa na meno manne.

Hasara huanza kuhesabika mtoto anapofika jikoni. Sufuria, ndoo ya plastiki, dumu la mafuta la lita 20, kila kimoja kina sauti yake, na mtoto huzijua zote kabla hajajua rangi. Mfuniko wa sufuria hulia kwa muda mrefu ukining'inizwa kwa kishikio chake, na hukatika ghafla ukilazwa sakafuni. Mtoto wa miaka miwili huligundua hilo mwenyewe, bila mwalimu, saa kumi na moja alfajiri. Kijiti cha kupigia ni mwiko. Mwiko ukishapotea, ugali wa siku hiyo husongwa kwa upawa, hutoka na madonge, na baba hula bila kuuliza.

Walimu wakubwa wa dunia wako upande wa jikoni. Mtunzi Carl Orff wa Ujerumani (1895–1982) alitaka mtoto aanze kwa makofi, miguu na ala za kugonga, na marimba ya Kiafrika ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyompa wazo la marimba ndogo za watoto, ambazo vibao vyake hung'oka ili mtoto abaki na vile anavyovihitaji tu. Rahaleo vibao pia hung'oka, ila havirudi. Katika madarasa mengi yanayofuata mtindo wa Shinichi Suzuki, Mjapani aliyefundisha fidla kwa watoto wadogo, anayeanza hapewi fidla. Hupewa sanduku tupu lililobandikwa rula, ajifunze kwanza kulishika bila kuliangusha. Tofauti na Rahaleo ni ndogo: hapa mtoto hapewi sanduku, hulichukua, na mara nyingi halikuwa tupu.

Kuna pia ala za majani. Bua la jani la mpapai likikatwa ncha zote mbili huwa filimbi. Ukuti wa mnazi ukiviringishwa vizuri huwa tarumbeta. Hazigharimu kitu, hazitaki betri, na kufikia jioni zimenyauka, sifa ambayo viwanda vya vitu vya kuchezea havijaiiga. Kasoro yake ni utomvu. Bua bichi la mpapai lina maziwa yanayowasha, na mpulizaji asiyelisuuza hurudi nyumbani na midomo iliyovimba huku akikana kwamba amewahi kuuona mpapai wa jirani.

Gitaa hutengenezwa na binamu wa darasa la tano. Kinachotakiwa ni kopo kubwa, kipande cha ubao, misumari na nyuzi. Nyuzi nzuri zaidi ni mshipi wa kuvulia, lakini babu mvuvi huihesabu mishipi yake kila jioni. Waya wa breki ya baiskeli hauhesabiwi na mtu. Ukifumuliwa hutoa nyuzi nyembamba za chuma zenye mlio mkali. Katika nyumba moja ya Rahaleo, baba alipata habari kwamba gitaa limekamilika akiwa kwenye mteremko. Aliingia katika genge la nyanya, akalipa nyanya, akasukuma baiskeli hadi nyumbani, na akaomba apigiwe.

Nyumba hiyo itatumika kama mfano hapa, kwa sababu mwandishi anazijua habari zake kuliko anavyopenda. Ilikuwa na binti wa miaka mitano ambaye alishapita sufuria, mpapai na kopo, na baba yake akaona umefika wakati wa ala yenyewe. Mkoa uliomzaa mwanamuziki Harmonize haumwachi baba yeyote akae bila matumaini. Akanunua kwa machinga kinanda kidogo cha betri, chekundu, chenye picha ya tembo.

Vinanda vidogo si vya kudharauliwa. Mchiriku wa Dar es Salaam ulijengwa juu ya vinanda vya Casio vya bei nafuu vilivyounganishwa na spika chakavu, ukachezesha watu hadi kukucha. Lakini kinanda cha tembo kina kitufe kinachopiga wimbo uliokwisha kurekodiwa ndani yake, na mtoto akishakipata kitufe hicho haoni sababu ya kuhangaika na vingine. Binti alipiga wimbo mmoja kwa siku tisa. Siku ya kumi, Jumapili, alikwenda nacho ufukweni Shangani, akakiogesha baharini pamoja na yeye mwenyewe. Kikanyamaza. Mama alisikitika kwa sauti, kisha akakiweka juu ya kabati kikauke, na nyumba nzima ikalala mapema.

Maji ya chumvi hupitisha umeme, na hukauka polepole. Saa nane usiku chumvi ilifika mahali ilipokuwa ikielekea, kitufe kikajibonyeza chenyewe, na kinanda kikaanza kupiga wimbo wa tembo juu ya kabati, gizani, kwa mwendo wa polepole kuliko kawaida, kama kinachofikiri. Bibi ndiye aliyesikia kwanza. Alisoma alichokuwa na haja ya kukisoma, kisha akagonga mlango wa mwanawe.

"Baba, amka. Tuna wageni."

"Wageni gani saa hizi, mama?"

"Sijawaona. Wanapiga kinanda."

Baba alitoka na panga. Mama alitoka na bisibisi, akatoa betri, akarudi kulala.

Ndipo akaingia mjomba. Wamakonde kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya mtoto ambayo baba hana. Akileta kitu, hakirudishwi. Huyu anaishi Newala. Mnada wa korosho ulikuwa umekwenda vizuri, malipo yameingia, na Novemba moja akashuka kwenye basi akiwa amebeba chinganga.

Chinganga ni ngoma ndogo ya Kimakonde yenye sauti kali. Hupigwa kwa vijiti viwili vyembamba, na mguu wake umechongwa ncha ili uchomekwe ardhini, mpigaji abaki na mikono yote miwili huru. Ni ubunifu wa watu wenye viwanja vya udongo. Nyumba za Rahaleo zina sakafu ya saruji, na ua wake umekanyagwa hadi umekuwa kama saruji. Ngoma ilichomekwa kwanza katika tuta la mchicha, ambalo halikupona. Kisha binti akagundua lori la mchanga ambao jirani alikuwa ameumwaga ukutani kwake kwa ajili ya kujenga. Mchanga hushika chinganga kwa namna ya ajabu. Pia uko chini ya dirisha la chumba cha kulala cha jirani.

Mjomba alikula chakula cha jioni, akasikiliza mapigo kumi, akafuta machozi ya furaha, akapanda basi la asubuhi kurudi Newala. Uchunguzi wa miaka mingi katika mtaa huu unaonyesha kwamba ala ya kwanza ya mtoto huletwa na ndugu asiyelala katika nyumba hiyo, na kadiri anavyoishi mbali ndivyo ala inavyokuwa na sauti kubwa.

Lugha ya jirani katika hali hii inastahili kuelezwa, kwa sababu mgeni anaweza kuishi nayo mwaka mzima asiielewe. Mswahili hapigi hodi kulalamika. Siku ya kwanza alisema, "Mashaallah, jirani, mtoto ana kipaji." Siku ya tatu aliuliza mtoto anaanza shule lini. Siku ya tano alitaka kujua kama shule hiyo ina bweni. Siku ya saba alikuja na sahani ya vitumbua, akakaa, akaulizia afya ya kila mtu mmoja mmoja, akamaliza kwa kuuliza, "Na shemeji yako wa Newala, hajambo? Haji kuchukua mizigo yake?" Baba alielewa. Akamwomba binti apige kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni tu. Binti, ambaye saa hakuijua, alikubali.

Msaada ulitoka mawinguni. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida hushika Disemba na kuachia Aprili, na ngozi ya ngoma hunywa unyevu wa hewa. Ikishanywa hulegea, na ngoma iliyolegea hutoa sauti ya mtu anayepiga mto. Jirani alinenepa. Binti alilia siku mbili, na baba, ambaye kwa utulivu uliopatikana angeweza kabisa kukaa kimya, akakumbuka kwamba wapigaji huzipasha ngoma zao moto kabla ya kucheza.

Kweli huzipasha. Lakini hutumia nyasi kavu au makuti, moto unaowaka ghafla na kuisha, na mpashaji hasimami mbali: huigeuza ngoma, huigonga kwa kidole, huisikiliza, huiondoa. Baba alitumia jiko la mkaa. Aliielekeza ngozi kwenye makaa, akaanza kuisikia inakaza, na kabla hajaiondoa simu ikaita. Alikuwa mjomba.

"Shemeji, ngoma inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri kabisa, shemeji."

Ngozi ikapasuka kwa mlio uliosikika hadi Newala.

"Naam!" mjomba akasema, ameridhika. "Mtoto anapiga kwa nguvu."

Baba hakuona sababu ya kumsahihisha. Badala yake alijaribu kuwa mwalimu. Alipakua katika simu programu inayogonga kwa mwendo usiobadilika, akaiweka mbele ya binti na sufuria iliyopinduliwa, akamwambia afuate. Binti alipiga yake, simu ikapiga yake, na baada ya dakika tano mama akaomba mmojawapo azimwe.

Kosa halikuwa la binti. Mwaka 2009 pia, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha majaribio yao kwa watoto wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu huko Ujerumani: watoto walishika mwendo vizuri zaidi walipopiga ngoma pamoja na mtu kuliko walipofuata mashine au sauti iliyorekodiwa. Hata wa miaka miwili na nusu, ambao kwa mashine walikuwa wakipotea, walimfuata mtu. Vitabu vingi vya wazazi hutumia kurasa nyingi kuchagua ala, wakati ala ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kigumu ni kupata mtu mzima atakayekaa chini apige naye, jioni baada ya jioni, bila kuangalia simu.

Rahaleo mtu huyo alikuwa chumba cha pili. Bibi alitoka kuona nani anagombana na simu. Akavuta mkeka, akapindua ndoo, akaanza kupiga kwa viganja. Wanawe walimtazama kama wasiomjua. Walisahau kwamba katika unyago wanawake ndio wapigaji, na kwamba mwanamke aliyetoka unyagoni akakaa kimya miaka arobaini si lazima awe amesahau. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kupiga ngoma yake hata uzeeni. Bibi wa Rahaleo hakuwa Bi Kidude, wala hakupiga yote aliyoyajua. Mengine ni ya ndani, na binti wa miaka mitano hana ruhusa ya kuyasikia. Alipiga pigo moja la kuendea na moja la kujibu, akamwachia mjukuu la kujibu. Jioni ya kwanza binti aliwahi. Ya pili alichelewa. Ya nne alijibu mahali pake, akashtuka mwenyewe, akatazama nyuma kuona nani amepiga. Siku hiyo jirani alikuja bila vitumbua, akakaa mkekani, na baada ya muda akauliza kama kuna ndoo nyingine.

Sufuria iliyotumika ina kitako kilichobonyea, haikai sawa mekoni, na wali wake huungua upande mmoja. Chinganga iko juu ya kabati, pembeni ya kinanda cha tembo, inangoja ngozi ya mbuzi baada ya Idi ya kuchinja. Wajomba wa Newala na Tandahimba wanaombwa, bei ya korosho ikiwa nzuri tena msimu ujao, waje na madaftari. Na kama ni lazima iwe ngoma, basi walale nayo hapa juma zima.