Namna ya Kutembea Bila Kwenda Popote

Watu wa Nhica do Rovuma, wilayani Palma, nchini Msumbiji, hawahitaji kufundishwa kutembea. Shambani huenda kwa miguu, kisimani kwa miguu, msibani kwa miguu. Kilichopungua tangu vita vilipoanza mkoani Cabo Delgado mwaka 2017 ni matembezi ya kupunga upepo: kutoka nyumbani bila kutumwa na mtu, ukarudi umeshiba habari. Fuata hatua hizi.

1. Weka chini ulichobeba. Jembe likiwa begani, hayo si matembezi, ni safari ya shamba. Ndoo ikiwa mkononi, watakaokuona watakuagiza maji. Mama mwenye mtoto mgongoni amkabidhi baba yake kwanza. Baba atambeba vizuri tu, maana jembe amekwisha kuliweka chini.

2. Toka mapema. Saa za Msumbiji ziko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na za Tanzania, ng'ambo ya Mto Rovuma, ingawa jua ni hilo hilo moja. Kwa hiyo huku jua huzama kabla ya saa 12 jioni mwaka mzima, na mwezi Juni huzama saa 11 na dakika chache. Anayengoja saa 11 ili jua lipoe atatembea gizani. Saa 9 na nusu uwe umeshavaa kandambili. Miezi mizuri ni Mei hadi Oktoba, mvua zimekwisha na njia zimekauka.

3. Waulize wenyeji njia. Wao ndio wanaojua ipi ni salama wiki hii. Kandokando ya mto pana mamba, na kiboko naye hutoka majini jioni kwenda kula majani. Hayo ndiyo matembezi yake, na hampishi mtu. Mwachie mto wake, wewe pita mikoroshoni.

4. Punguza mwendo. Mtazame kuku na vifaranga wake wanaoparura mchanga katikati ya njia. Wakitawanyika kwa kelele ulipofika, umekwenda mbio. Wakisogea kando na kuendelea kuparura, mwendo wako ndio huo, usiuongeze.

5. Salimia, tena usimame. Bibi aliyeketi barazani akichambua mboga hapitwi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waenda wapi?"

"Napunga upepo tu."

Atakutazama mikono, hana anachokiona. Atauliza nani mgonjwa. Mjibu kwamba wote wazima. Akikukaribisha muhogo wa kuchemsha, kaa ule. Matembezi hayaharibiki kwa kukaa, yanaharibika kwa kukimbilia kumaliza.

6. Mchukue mwenye hofu. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa katika vita hivyo, maelfu walikimbia, wengi kwa miguu kupitia misituni, wakitafuta Nangade na Mueda. Wapo waliotembea siku kadhaa, na watoto mgongoni, wakinyamaza kila waliposikia kijiti kimevunjika. Aliyepita njia kwa namna hiyo hairudii kwa kuambiwa tu kwamba mambo yametulia. Mwende wawili. Mwanzoni mfike kwenye mkorosho wa jirani, basi. Yeye ndiye achague pa kugeuzia, na akitaka kurudi upesi, rudini bila kumcheka. Siku nyingine mtasogea mbele kidogo.

7. Rudi mikono mitupu. Ukiokota kuni njiani, kesho utaambiwa ulete tena, na matembezi yatageuka kazi.

Taarifa za kwamba hali imetulia hutolewa na wakubwa. Pale kijijini, kipimo cha amani ni mama anayetoka jioni hana ndoo wala sababu, akapita nyumba hadi nyumba, na hakuna anayemuuliza kumetokea nini. Hilo linastahili kudaiwa kama barabara na zahanati, na linaanza na sisi kumpokea mtoto mgongoni mwake.