Jinsi ya Kurudisha Wi-Fi Baada ya Kerneli Kupandishwa Cheo

Sharti la kwanza la kutengeneza Wi-Fi ya Linux jijini Nairobi ni kupata mtu wa kulaumu, na umpate mapema, kabla hujagusa kibodi. Wagombea ni wengi. Kuna kampuni inayokuuzia intaneti. Kuna msimamizi wa ploti, ambaye juzi alipanda juu ya paa kuangalia tangi la maji na huenda alikanyaga waya. Kuna jirani uliyempa nywila kwa siku moja tu, mwaka juzi. Na kuna stima. Stima ndiyo mshtakiwa bora kuliko wote kwa sababu ushahidi upo: ilipotea jana jioni, Kangemi yote ikawa giza, na iliporudi kompyuta ikawaka vizuri, ila alama ya Wi-Fi kwenye pembe ya skrini haikuonekana tena. Mwenye akili timamu ataamua mara moja kwamba adapta imeungua.

Shikilia hukumu hiyo. Asije mtu akakueleza kwamba stima haikuunguza chochote, ilizima tu mashine ambayo ilikuwa haijazimwa kwa majuma kadhaa. Ubuntu ina huduma iitwayo unattended-upgrades, inayopakua masasisho ya usalama kimyakimya, kerneli mpya (kiini cha mfumo) ikiwemo. Kerneli hiyo hukaa kwenye diski ikisubiri siku mashine itakapowashwa upya. Kule Helsinki, ambako Linus Torvalds aliianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi, mtu huchagua mwenyewe saa ya kuwasha upya. Huku kwetu tunachaguliwa. Ndiyo maana masasisho ya Jumanne yanaweza kukuharibia Jumamosi, na transfoma ikabeba lawama zote.

Sasa pigia simu huduma kwa wateja. Utaambiwa uzime ruta, uhesabu hadi 30, kisha uiwashe. Fanya hivyo kwa utiifu, ingawa simu unayopigia imekuwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo tangu asubuhi bila kulalamika.

Wanaouhitaji mwongozo huu wameongezeka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu nyingi za ex-UK zilizojaa katikati ya jiji ni za kabla ya hapo. Ni mashine imara, zimefanya kazi ofisi za Uingereza miaka mingi, kibodi imefutika herufi mbili tatu tu, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa. Kwa hiyo mwenyewe anawekewa Ubuntu au Linux Mint na kuambiwa kwamba sasa hana wasiwasi wa virusi. Hakuna anayemtajia draiva. Ni kama kumtajia bwana harusi mahakama ya talaka.

Laptopu hizo za ofisi zenyewe mara nyingi hazina shida, kwa kuwa zilikuja na kadi za Wi-Fi za Intel, na draiva ya Intel, iwlwifi, imo ndani ya kerneli. Anayeumia ni mwenye kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kutoka saiba iliyofungwa Kawangware, isiyo na Wi-Fi kabisa, au mwenye laptopu ambayo kadi yake ilikufa na fundi akamchomekea kidude cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mara nyingi kidude hicho kina chipu ya Realtek ndani, na draiva yake fundi aliitoa nje ya kerneli. Wa tatu ni mwenye MacBook ya zamani yenye chipu ya Broadcom, ambaye alikwishazoea kuteseka kwa heshima.

Hatua inayofuata, basi, ni kwenda mjini kununua adapta nyingine. Usiangalie kwanza ile ya zamani ina chipu gani, safari itakosa ladha. Panda matatu ya 46 kutoka Kawangware, ipite Hurlingham na Valley Road, au 23 kupitia Waiyaki Way, ambako barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 utaiona vizuri sana ukiwa umekwama chini yake. Shukia mjini, uingie Luthuli Avenue. Mtaa huu una jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Ubuntu nayo ilianzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2004. Hivyo Waafrika Kusini wanakusindikiza katika tatizo hili kuanzia kwenye skrini hadi kaunta.

Kwenye kaunta mazungumzo huwa mafupi.

"Karibu kastoma. Unatafuta nini?"

"Adapta ya Wi-Fi ya USB. Inafanya kwa Linux?"

"Hii inafanya kwa zote, mkubwa. Unachomeka tu. Na iko na CD yake."

Uliza CD hiyo utaisomea wapi, maana kompyuta yako haina pa kuiingiza, na hata ingekuwa napo, kilichomo ni programu ya Windows. Atakutazama kwa huruma, akushushie bei kidogo. Lipa kwa M-Pesa, urudi nyumbani, uchomeke. Hakuna kitu. Umenunua chipu ileile katika boksi la rangi nyingine. Wala muuzaji hakukudanganya. Jina la boksi halisemi kitu kuhusu chipu, na kuna modeli ambazo toleo la kwanza lina chipu moja na la tatu lina nyingine kabisa, huku picha ya mbele ikiwa ileile, familia yenye furaha ikitazama kishikwambi.

Kama bado una nguvu, mpelekee fundi kompyuta yako. Fundi ni mtu mkarimu na dawa yake ni moja: "Hiyo ni kitu kidogo, tunapiga Windows." Ukimwambia ulitoka huko, atajitolea kuifomati na kuweka Ubuntu upya. Wi-Fi itarudi, kwa sababu amekuwekea ya zamani aliyo nayo kwenye flashi, yenye kerneli ya zamani, na kuipikia draiva upya. Itakaa hivyo hadi masasisho yafike na stima ipotee, na fundi ataiita hiyo riziki.

Ikiwa njia zote za heshima zimekwisha na aibu imekuishia, basi, shingo upande, soma yafuatayo.

Kerneli hutoa toleo jipya takriban kila baada ya wiki 9 au 10. Torvalds ana sheria moja asiyoisamehe: kerneli mpya isivunje programu za mtumiaji. Lakini sheria hiyo inalinda walio nje ya ukuta tu. Ndani, namna kerneli inavyozungumza na draiva zake hubadilishwa wakati wowote ikionekana inafaa, na hilo ni sera, si uzembe. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa mradi huo, aliandika waraka mzima akieleza kwa nini hawataki kuweka masharti ya kudumu huko ndani. Draiva iliyomo ndani ya kerneli hurekebishwa palepale na yuleyule aliyebadilisha mambo. Draiva iliyotoka GitHub, ikapikwa na fundi wako kwenye mashine yako, haina wa kuihurumia.

Na hapa pana jambo ambalo lingekuokolea nauli. Draiva yako haijapotea wala haijaharibika. Fundi alipoandika make install, iliingia kwenye folda ya kerneli iliyokuwa ikiendesha mashine siku ile, chini ya /lib/modules/. Kerneli mpya ina folda yake, na humo hamna draiva. Andika uname -r uone uko kwenye kerneli gani, kisha ls /lib/modules uone ulikotoka. Amri mbili, wala hazihitaji intaneti. Ndiyo maana nimezificha mbali hivi.

Tiba ya haraka ni kurudi ulikotoka. Washa mashine upya, ubonyeze Esc au ushikilie Shift kabla Ubuntu haijaanza, uingie kwenye menyu ya Advanced options, uchague kerneli ya zamani. Wi-Fi itarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Onyo: wapo watu nadhifu ambao kila wakiona nafasi huandika sudo apt autoremove, na baada ya masasisho kadhaa kerneli ya zamani huondoka pamoja na takataka. Unadhifu una gharama zake.

Kwa tiba ya kudumu utahitaji intaneti ili utengeneze intaneti. Kitendawili hiki kimewachosha wengi, na wengi wamekitegua kwa kununua bando. Si lazima. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya, kwa draiva zilizomo tayari ndani ya kerneli. Simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, itaipitisha hiyohiyo, na bando lako halitaguswa. Njia nyingine ni waya wa Ethernet kutoka kwenye ruta hadi mezani. Waya haujui kerneli imebadilika, na katika bedsita ya Uthiru ruta iko hatua tatu kutoka kitandani. Ila wageni watauona, na sisi tunaojua teknolojia hatutaki wageni wauone waya.

Ukipata intaneti, andika lsusb. Kidude chenye Realtek mara nyingi kitaonyesha namba inayoanza na 0bda. Ukiona 0bda:1a2b, tulia, hakijafa: kinajifanya CD ya draiva za Windows, na inabidi usb_modeswitch ikiamshe kiwe adapta. Ndiyo, kuna mtu aliyelipwa mshahara kubuni jambo hilo.

Kisha uliza dkms status. DKMS ni mfumo uliobuniwa Dell, na kazi yake ni kuipika draiva upya kila kerneli mpya inapofika, mradi faili za linux-headers za kerneli hiyo zipo. Hapo ndipo wengi huangukia: kerneli imekuja, headers hazikuja, DKMS imenung'unika kwenye logi ambayo hakuna aliyeisoma, kisha ikanyamaza. Sakinisha kifurushi cha linux-headers kinachofuata aina ya kerneli yako na zitakuwa zikija pamoja. Watumiaji wa Ubuntu 22.04 walipata nyongeza yao: kerneli ya 6.5 ilijengwa kwa gcc-12 wakati mashine nyingi zilikuwa na gcc-11, draiva ikakataa kupikika hadi kompaila nyingine ilipowekwa. Ukiona makosa mia mbili yakishuka kwenye terminali, lisome la kwanza tu. Yale mengine yamekuja mazishini.

Draiva ikishapikika na bado ikakataa kuingia, ikisema "Key was rejected by service", basi ni Secure Boot, inayodai kila moduli iwe na saini inayoitambua. Ubuntu itakuomba utunge nywila, na mashine ikiwaka upya itatokea skrini ya buluu ikusubiri sekunde chache uchague Enroll MOK. Ni sekunde 10 hivi, muda uleule unaotumia kwenda kuangalia chai jikoni. Ukirudi imepita, unaanza upya.

Lakini kabla ya kupika chochote, tazama kama chakula hakiko mezani tayari. Tangu Linux 6.2 ya Februari 2023, chipu kadhaa za Realtek za USB, RTL8821CU ikiwemo, zina draiva ndani ya kerneli, katika familia ya rtw88. Wako watu Lavington na Kileleshwa wanaopika draiva ya GitHub kila mwezi kwa ajili ya chipu ambayo kerneli yao inaifahamu, na draiva mbili zinagombania adapta moja usiku kucha. Ing'oe ile ya nje, uwashe upya, uone kama ile ya ndani inatosha.

Kuhusu apt-mark hold, inayoizuia kerneli isisasishwe tena: inafanya kazi barabara. Wi-Fi haitakatika, na matundu ya usalama yaliyozibwa kwa wenzako yatabaki wazi kwako, jambo ambalo kwenye Wi-Fi ya mkahawa wa Westlands litawafurahisha wahusika.

Dawa hasa ni kutonunua kifaa chenye draiva ya kuhamahama. Ikiwa laptopu yako ina nafasi ya kadi ndani, tafuta kadi ya Intel iliyotolewa kwenye mashine nyingine, ila kumbuka baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa kadi ambayo haimo kwenye orodha ya BIOS yao. Ikiwa ni lazima USB, tafuta yenye chipu ya MediaTek inayohudumiwa na mt76, draiva iliyomo ndani ya kerneli. Nenda Luthuli na laptopu yako begani, chomeka kidude hapohapo kaunta kabla hujalipa, andika lsusb, usubiri majina ya mitandao ya jirani yatokee kwenye skrini. Muuzaji akikataa kufungua boksi, duka linalofuata liko mita mbili kutoka hapo. Na ukifika nyumbani kila kitu kikifanya kazi, tafadhali usimwambie mtu yeyote kwenye ploti kwamba unaijua Linux.