Shangazi Anajibu: Bata Mlemavu Naye Huposwa

Wiki hii mabata wametawala meza yangu. Barua za waume wasiorudi nyumbani nimeziweka kando kidogo; wake zao wameshazoea kungoja. Tuanze na huyu wa Kisaasi, maana shida yake ni ya kweli na majirani wanamcheka bure.

*Shangazi, shikamoo. Nafuga kuku na mabata bukini nyuma ya nyumba. Jike wangu aliuawa na mbwa wa mtaani wakati wa Ramadhani, na tangu hapo dume amepoteza akili. Nyasi hagusi. Kila asubuhi anasimama mbele ya gurudumu la gari la mume wangu, anajitazama kwenye rimu na kunong'ona, na gari likiondoka analifukuza hadi getini. Sasa kuna mama wa Muyenga anahama nchi, ana jike ambaye bawa lake la kushoto limegeukia nje, halifungiki. Anamtoa bure kwa sharti asichinjwe. Nimchukue?*
*— Mama wa Kisaasi*

Marahaba, mwanangu. Mchukue, lakini si leo jioni.

Dume wako hana wazimu. Bukini hushikana wawili wawili kwa miaka, na mmoja akifa mwenzake huomboleza: hula kidogo, huita, huzurura akitafuta. Kwenye ile rimu anaona bukini mwingine asiyemkimbia. Kwa muda huu mfungie kioo imara kwenye uzio, chini, usawa wa kichwa chake, mume wako apate kwenda kazini kwa amani.

Huyo jike naye, kilema chake ni cha sura kuliko cha mwili. Alipokuwa kifaranga alishibishwa mno. Kampala hii watu humpa kinda wa bukini chakula cha kuku wa nyama, chenye protini nyingi, wakaongeza na mkate juu, na mtoto akanawiri haraka kupita mifupa yake. Manyoya makubwa ya bawa yanaota yamejaa damu, mazito, na kile kifundo cha ncha ya bawa bado kilaini, kinapindwa na uzito. Akiwahiwa akiwa mdogo, bawa hukunjwa mahali pake na kufungwa bandeji siku chache, chakula kikabadilishwa, likarudi. Kwa mtu mzima limeshakuwa hivyo maisha. Halimuumi. Kuruka haruki, na kwa mke wa mtu anayekaa ua wenye ukuta mfupi, hiyo ni sifa. Ila jua kwamba bukini hupigana kwa mabawa, na huyu amebakiwa na moja la maana. Alale ndani, mlango ukiwa na komeo, kwa sababu mbwa aliyemuua wa kwanza bado yuko mtaani.

Ndoa yenyewe ifuate taratibu, kama ambavyo Waganda hawaanzi na harusi, wanaanza na kukyala, yaani ziara ya kwanza, kisha kwanjula, yaani utambulisho. Akifika, mtenge peke yake mwezi mzima, mbali na kuku wako, na viatu vya kuingilia kwake viwe vingine. Usinione mkali. Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wa porini pale Lutembe, kando ya Ziwa Victoria, yakaonekana hadi kwenye mabata na kuku wa kufugwa, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wetu. Wafugaji wa hapa wanaikumbuka ile Januari kuliko uchaguzi. Mwezi ukipita salama, mweke nyuma ya wavu waonane bila kugusana. Wakianza kulala wakiwa wameegemea wavu huo huo, kila mmoja upande wake, fungua. Wakutane mahali ambapo dume hapahesabu kuwa pake, maana uwanja wake ataulinda hata dhidi ya mchumba.

Kitu kimoja mama wa Muyenga huenda hajakwambia, kwa sababu huenda hajui: una hakika ni jike? Msikilize. Dume sauti yake huwa nyembamba na ya juu. Jike ana sauti nzito. Wengi wameposa jike wakaletewa shemeji. Na hata ikiwa hivyo, usimrudishe. Kule Waikanae, New Zealand, bukini dume aliyeitwa Thomas aliishi miaka mingi na batamaji mweusi, Henry, dume mwenzake wa jamii nyingine kabisa. Henry alipopata jike, Thomas alinuna, kisha akakaa akawasaidia kulea vifaranga vyao. Henry akafa 2009. Thomas akazeeka, macho yakafa, akahamishiwa kwenye makao ya ndege wagonjwa, na alipokufa 2018 walimzika kando ya rafiki yake. Mapenzi ya ndege hayangoji ruhusa ya shangazi.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, nami najibu: je, wasipopendana? Bukini anayetunzwa huishi miaka 20 na kuzidi. Ukimleta huyu jike awe dawa ya dume, na dawa ikagoma, utamwona mzigo, na mzigo wa nyama huwa unatua jikoni. Basi mchukue tu ikiwa ungemweka hata kama dume angemkataa. Utakuwa na mabata wawili wasiosemezana, na nyumba za namna hiyo Kisaasi hazikosekani.

*Shangazi, nilinunua vifaranga wa bukini. Mmoja miguu imepinda, anatembelea vifundo. Nawalisha wote chakula cha vifaranga wa kuku. Shemeji yangu anasema tumnenepeshe tumle Krismasi. Nifanyeje?*
*— Kijana wa Najjera*

Fanya haraka, na shemeji aendelee kusubiri. Kinda wa bata na wa bukini anahitaji vitamini B3 kuliko kifaranga wa kuku, na mfuko ulionunua umepimiwa kuku. Ikipungua, vifundo huvimba na miguu huenda upande. Hamira ya bia ikichanganywa kwenye chakula kila siku husaidia sana, mradi amewahiwa katika wiki zake za mwanzo. Akishakomaa mifupa, miguu imeshaamua. Ukienda kwenye maduka ya Container Village usiombe "dawa ya miguu," maana utarudi na chupa ya antibiotiki na risiti. Taja vitamini kwa jina. Sakafu nayo itazame: kinda akilelewa juu ya gazeti au sementi laini huteleza, miguu ikaachana. Tandika nyasi kavu. Asipobadilika, mwone daktari wa mifugo. Makerere kuna chuo kizima cha kazi hiyo.

Na huyo shemeji msimulie habari za Andy, bukini wa Nebraska, Marekani, aliyeanguliwa 1987 bila nyayo kabisa. Mzee mmoja fundi, Gene Fleming, alimchukua, akajaza sponji ndani ya viatu vya mtoto mchanga, akamvisha. Andy akatembea. Akatokea kwenye televisheni ya taifa zima, watoto walemavu wakawa wanaletewa wamwone. Mwaka 1991 mtu asiyejulikana alimuua, na mji ukachanga pesa za zawadi kwa atakayemtaja mwuaji. Shemeji akikuuliza nyama yake ilikuwa kilo ngapi, mtu huyo usimpe funguo za banda.

*Shangazi, jirani yangu amepokea bata bukini mwenye jicho moja, eti wa kuwapa kampani wenzake. Analia saa tisa usiku, kila usiku. Naweza kumshtaki?*
*— Asiyelala, Kabalagala*

Baba, unaishi Kabalagala, ambako muziki wa baa hulala alfajiri, na wewe umemsikia bata?

Haya, haki yako unayo. Sheria ndogo ya Jiji la Kampala ya mwaka 2006 kuhusu mifugo na wanyama wa nyumbani inamtaka mfugaji awe na kibali. Muulize jirani kwa upole kama anacho. Huenda swali lenyewe likatosha. Lakini kabla ya kufika ofisini, jaribu hili. Ndege mwenye jicho moja hupiga kelele akishtuliwa upande usioona, na saa tisa kuna mtu anapita upande huo: askari wa geti, au paka, au kijana wako anayerudi kutoka alikokukataza. Mwambie jirani ageuze banda, ukuta uwe upande wa jicho bovu. Anayemwendea aseme kwanza kabla ya kusogea, na beseni la maji lisihamishwe hamishwe, ajue lilipo. Liwe na kina cha kuzamisha kichwa kizima, maana jicho na pua huoshwa humo. Na wale wenzake wa banda, ndege mmoja au wawili wataanza kukaa upande wake wa giza. Hilo hutokea lenyewe, huwezi kulilazimisha.

Akilia tena baada ya hapo, niandikie. Na utakapoandika, nijulishe kijana huwa anarudi saa ngapi.

Ombi langu kwa wote mtakaowabeba mabata hawa, wa Muyenga, wa Najjera na kwingineko: msiwafunge miguu mkawaning'iniza kichwa chini kwenye boda boda kama tunavyofanyia kuku wa soko la Kalerwe. Bukini ni mzito na miguu yake haibebi uzito huo, seuze miguu iliyokwisha kupinda. Mpakate, mabawa yakiwa yamebanwa mbavuni na kichwa kikitazama nyuma yako, au mtie kwenye kikapu kipana chenye mfuniko. Na dereva wa boda mlipe zaidi, maana ndiye atakayedonolewa.