Anga la Singidani

Zamani za kale, ndege wa Singidani walikuwa na anga moja tu, na ndani yake walipashana habari za mvua, za alizeti iliyokomaa na za mwewe ajaye. Mbuni, asiyeruka wala kuimba, ndiye aliyekabidhiwa anga hilo, akazigawa sauti mafungu. Sauti za mapigo 700 zilivuka miamba na vilima hadi Iramba. Za mapigo 2,600 zilibeba maneno mengi kwa mkupuo, lakini zilichoka upesi na kufia kwenye jabali la kwanza.

Akazinadi. Tai, Korongo, Hondohondo na Kunguru wakakomba maghala yao ya mtama, kila mmoja akajitwalia fungu lake, kisha wote wanne wakajenga juu ya jabali lilelile la kando ya ziwa, maana ndiko walikojaa wasikilizaji. Kila mmoja alijibebea vijiti vyake, akaweka mlinzi wake, akanunua mafuta ya taa yake. Viota vinne vikawaimbia walewale, na huko vichakani Itigi hakikujengwa hata kimoja.

Shomoro hawakuwa na mtama. Mbuni aliwaachia uwanda wa bure, nao mwanzoni walipayuka wote kwa pamoja hata asipatikane wa kuambulia neno. Dhiki ikawafunza adabu: atakaye kuimba hutega sikio kwanza, akimsikia mwenzake, hunyamaza, wawili wakigongana, kila mmoja huhesabu pumzi zake, huyu tatu, yule saba, ndipo arudie. Hapakuwa na mkubwa wala hakimu, na kila mmoja alisikika.

Usiku mmoja, mtetea wa Itigi alimwona kicheche akilizunguka tundu, akaita. Alikuwa mteja wa Tai, na sauti ya Tai haikufika huko. Ila juu ya kichwa chake ilikuwa ikipita ya Korongo, nzito na safi, ikielekea Manyoni.

“Mama, wewe ni wa nani?” ikamuuliza.

“Wa Tai.”

Ikapita. Kulipokucha, vifaranga tisa walikuwa wamebaki wawili.

Mtetea akaenda kwa miguu hadi jabalini, akaweka manyoya ya wanawe mbele ya Mbuni. Mbuni akaamua: jabali moja, kiota kimoja, gharama mgawane, aitaye katika hatari asiulizwe ni wa nani, na vijiti vitakavyobaki vipelekwe Itigi.

Viota vitatu vilibomolewa mwezi uleule. Vijiti vyake vingali chini ya jabali, vikingoja wa kuvibeba.