Pete za Tetea Weusi

Nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kwamba tetea weusi waende sufuriani. Mama mkwe, mzaliwa wa Tanga anayeishi nasi hapa Kent, Uingereza, alikwisha kuwahesabu kwa ajili ya pilau ya Idi. Baba watoto naye alichoka kununua chakula cha kuku ambao hakuona jipya kwao. "Ulisema unazalisha kuku wa lavenda," aliniambia. "Mbona banda limejaa kunguru?"

Lavenda ni kijivu kilichopauka chenye ubuluu wa mbali, sawasawa kutoka shingoni hadi mkiani. Kwa kuku wa Orpington ni rangi adimu. Jogoo wetu alikuwa na rangi safi, lakini mwili wake ulikuwa mwembamba na manyoya ya mkia yamenyambuka, kasoro inayoandamana sana na rangi hiyo. Dawa yake ni kumpandisha kwa makoo weusi, kwani weusi ndio wenye umbo la asili. William Cook, aliyewatoa Orpington wa kwanza mwaka 1886 katika mji wenye jina hilo, ambao zamani hizo ulikuwa sehemu ya Kent, alianza na weusi: wazito, wa mviringo, wenye manyoya yasiyoonyesha masizi ya London.

Lakini jeni ya lavenda hujificha. Kifaranga asipoirithi kwa baba na kwa mama pia, huzaliwa mweusi. Basi kizazi cha kwanza chote kilitoka cheusi, na kila mmoja amebeba rangi ya baba yake ndani kwa ndani. Niliyasema hayo mezani jioni baada ya jioni. Rangi tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa ndani ya kuku wale wale waliotakiwa kuchinjwa.

Bandani mlikuwa na tetea wengine wa rika lao, weusi halisi wasiobeba chochote. Aliyebeba alivaa pete ya plastiki ya kijani mguuni, asiyebeba, nyekundu. Asubuhi moja nikakuta miguu yote mitupu. Pete zilikuwa kwenye kopo la vifungo, kijani na nyekundu pamoja. Binti yetu wa miaka sita alinijibu kwa huruma ya kweli: "Mama, zilikuwa zinawabana." Na kweli, kuku akikua, pete ndogo humwingia nyamani. Sikuona la kumgombeza.

Kwa macho hawatambulikani. Njia pekee tuliyokuwa nayo ni kumpandisha kila tetea kwa jogoo wa lavenda na kungoja vifaranga. Mama mkwe alishtuka: "Baba na binti zake? Astaghfirullahi, mwanangu!" Nilimweleza kwamba wafugaji hufanya hivyo kwa kizazi kimoja, kisha huleta damu mpya. Hakutaka kusikia. Aliyeumaliza ubishi ni baba watoto: aliwasha gari kimya kimya, akarudi na jogoo wa lavenda wa ukoo mwingine, ameazimwa kwa mfugaji mwenzetu.

Kila tetea akapewa chumba chake, kila yai likaandikwa herufi ya mama yake kwa penseli. Mashine ya kutotolesha tuliiweka juu ya kabati la sebuleni, nyuzi 37.5, siku 21. Siku za mwisho tuliyagawa mayai katika vikapu vya waya ili vifaranga wasichanganyike. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mlinzi. Akishasali alfajiri husoma kipimajoto kabla hata ya kuinjika chai.

Wa kwanza walitoka weusi wenye tumbo jeupe. Kisha kwenye kikapu cha D akachomoza kifaranga wa kijivu, bado ana gamba kisogoni, na mama mkwe akatuita sote kwa sauti iliyowaamsha watoto.

Kifaranga mmoja wa kijivu anatosha kumthibitisha mama yake. Kwa upande wa pili, tetea akiangua 7 na wote wakawa weusi, uwezekano kwamba amebeba lavenda hushuka chini ya asilimia 1. Waliofika hapo walikwenda kwenye pilau kama ilivyopangwa. Waliobeba rangi wamebaki, na sasa tunawavalisha pete miguu yote miwili, zinazobadilishwa kadiri wanavyokua.

Nawe ukikuta mtu anauza tetea mweusi wa Orpington kwa bei ya kitoweo, muulize kwanza baba yake alikuwa wa rangi gani.