Fizikia Ndani ya Friza la Mama

Kwetu friza ni ofisi. Mke wangu anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Mbagala, na humo ndani kila kona ina mwenyewe. Chini wamelala vibua wa wiki nzima, juu yao zimepangwa barafu kama matofali. Ukitaka kugandisha hata chupa moja ya maji unaomba tangu asubuhi, na jibu ni "tutaona".

Mshitakiwa wa kwanza wa kisa hiki ni kijana wetu wa kidato cha pili. Tangu shule zifungwe, bando langu linaliwa na yeye na wale watu wake wa video za sayansi. Ugali uko mezani, yeye anakuuliza kama unajua kwamba mwanga wa jua unaokupiga ulitoka huko dakika nane na ushee zilizopita, kwa hiyo jua likizimika saa hizi tutamaliza kula bila kuwa na habari. Juzi juzi aliloweka yai kwenye siki mpaka ganda likayeyuka lote, likabaki yai uchi, linanesanesa. Mama yake alilishika gizani, umeme umekatika, akidhani ni kitunguu. Jirani alikuja na panga.

Hilo lilisamehewa. Jumamosi iliyofuata akanijia na simu.

"Baba, hebu sikia anavyomtaja."

Mzungu kwenye kioo alikuwa anahangaika na jina: Em-pemba, Em-pemba. Kumbe ni Erasto Mpemba, mtu wa hapa hapa! Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Usambara. Wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa pa kuweka, akayatia ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia, na darasa likapata utani wa kudumu. Hakunyamaza. Siku Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda kuzungumza pale shuleni, kijana akasimama akauliza swali lake lile lile huku wenzake wakicheka. Osborne akarudi Dar, jaribio likafanyika maabara, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Video ilipita habari ya kugombania nafasi kwa sekunde tano. Mimi ndiyo iliyonishika, maana ninaishi na friza la namna hiyo.

"Tujaribu, baba?"

Mama mwenye friza alikuwa Kariakoo. "Jaribu," nikasema, kwa sauti ya serikali.

Tukachukua sufuria mbili sawasawa, maji kipimo kimoja, moja ya bomba na nyingine inatokota. Barafu za ubuyu tukazisukuma pembeni. Kila dakika kumi tukafungua kuangalia, na mwenye haraka zaidi nilikuwa mimi. Baridi ikawa inatoka, mvuke unaingia. Ile sufuria ya moto ikayeyusha theluji iliyokuwa chini yake, ikazama upande mmoja, ikapinduka polepole kama mtumbwi uliojaa maji. Vifuko vya ubuyu vikalegea, vingine vikafunguka mafundo, na rangi ikashuka kwa vibua. Tulipofunua tena walikuwa wamelala na midomo myekundu, utadhani wametoka kula tambuu harusini.

Sufuria ya maji ya baridi nayo ilikuwa imegandia ukutani. Mtoto akasema tuipake maji ya uvuguvugu, tusubiri. Nakiri alisema hivyo. Mimi nikasikia honi ya bajaji nje, nikadhani mama kafika, nikasema lete kisu.

Nilichokonoa mara mbili. Ya tatu, ukuta ukajibu: fsssss.

Fundi alikuja jioni, akachungulia kitundu, akapitisha kidole. "Humu ukutani kuna kibomba," alimweleza mke wangu, mimi akinipita kama kiti. "Gesi inaingia ikiwa majimaji, inageuka mvuke, na ili igeuke lazima inyonye joto la hao samaki. Inakwenda kulitupia nje, kule nyuma, inarudi tena. Sasa imeondoka yote. Kwa leo hili ni kabati." Kisha akauliza kistaarabu ni nani aliyeshika kisu. Kijana akaangalia dari.

Usiku ule watoto wa mtaa walikunywa ubuyu wa bure kwa vikombe. Sisi tulikula vibua mchana na usiku kwa siku tatu.

Kesi ilisikilizwa barazani. Mtoto akajitetea kwamba suala lenyewe bado gumu: mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri, yakaja majibu zaidi ya 22,000, na mwaka 2016 watafiti wengine wakapima wakasema hawalioni kabisa.

"Majibu elfu ishirini na mbili," mke wangu akasema, "na hakuna hata mmoja wao wa kunilipia gesi." Akanigeukia. "Baba watoto, miaka sita nachemsha ubuyu kila siku na kusubiri upoe mpaka magharibi. Ingekuwa kweli, si ningejua mimi kwanza?"

"Lakini mama, hujawahi kuutia ukiwa wa moto," mtoto akasema, nami nikamkanyaga mguu.

Friza lilipona baada ya siku nne na laki moja na nusu. Kisu kikahamishiwa chumbani, chini ya mto wa mke wangu.

Wiki iliyopita niliamka usiku wa manane kwenda kunywa maji. Jikoni kulikuwa na mwanga wa tochi ya simu. Mke wangu alikuwa ameinamia friza, kanga kiunoni, vikombe viwili vya ubuyu mbele yake, kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Nikasogeza shingo nione kipi kimeanza kushika.

"Rudi kalale," akasema bila kugeuka. "Unatoa baridi."